Filamu ya wauaji wa kukodiwa yenye vichekesho: namna ya kuitengeneza Dar kwa bajeti ndogo

Filamu za namna hii zina umbo linalofahamika: mtu mmoja anatakiwa afe, dau limetangazwa, na vikundi vya wauaji wasiopatana vinafika mahali pamoja usiku huohuo, kila kimoja kikidhani kiko peke yake. Kinachoziangusha mara nyingi si uhaba wa fedha. Ni mtazamaji kupotea. Akishauliza "huyu naye nani tena?", risasi zinabaki kelele na kichekesho kinapita bila mtu kutabasamu. Maelekezo haya ni ya filamu fupi ya dakika 25 hadi 30, waigizaji kumi hivi, siku sita za kushuti. Yote yanafuata jambo moja: kila wakati mtazamaji ajue nani yuko wapi, na nani anajua nini.

Tafuta jengo kabla ya kuandika

Usianze na wahusika. Anza na jengo, kwa sababu hadithi hii inaendeshwa na milango. Gesti ya ghorofa mbili au tatu, kama zilivyojaa Sinza, Manzese na Kariakoo, inafaa kuliko jumba la kifahari la Masaki. Ina ngazi moja tu, korido nyembamba, kaunta ya mapokezi inayomwona kila anayeingia, jiko la uani, na paa lenye matangi ya maji. Hiyo ngazi moja ni mali kubwa: wauaji hawawezi kukwepana hata wakitaka. Jengo lenye lifti na ngazi mbili litakulazimisha kueleza kila dakika kwa nini watu hawa hawajakutana.

Ukishakubaliana na mwenye gesti, chora kila ghorofa kwenye karatasi ya manila: vyumba, milango inakofungukia, madirisha, swichi za taa. Kisha chukua vizibo vya soda vya rangi mbalimbali, kila muuaji kizibo chake, na mlengwa apewe kilicho tofauti kabisa. Visogeze kwa kila dakika mbili za hadithi na upige picha kwa simu kila unapovisogeza. Vizibo viwili vikikutana koridoni na skripti haisemi lolote, ama una kosa, ama umeokota sini nzuri kuliko zote ulizoandika.

Kando ya ramani weka jedwali la safu mbili kwa kila mhusika: yuko wapi, na anajua nini. Safu ya pili ndiyo inayochekesha. Tuseme muuaji wa kwanza anaingia chumba namba 14, anamkuta mtu amelala kifudifudi, hapumui. Anampiga picha, anamtumia aliyemkodi, anadai dau lake. Mtazamaji ameshaona kwamba aliyelala pale si mlengwa, ni muuaji mwenzake aliyekunywa chai yenye sumu iliyoandaliwa na wa tatu. Kuanzia hapo kila simu inayopigwa ina kichekesho ndani yake bila mtu kutunga utani.

Wauaji watano, si kumi

Katika nusu saa watano wanatosha, na wawili kati yao wawe timu moja. Kila mmoja apewe vitu vinne ambavyo mwingine hana: silaha, mwendo, namna ya kusema, na rangi ya nguo. Kaka wawili wa Tandika wanaokuja na bajaji na kugombana juu ya hela ya mafuta. Bi Mkubwa wa Temeke, muuguzi mstaafu, kitenge cha njano na chupa ya chai. Bwana wa Upanga mwenye suti ya kijivu, Kiswahili kilichonyooka, anayesisitiza kuandikiana risiti. Kijana aliyevaa shati jeupe la mhudumu, kazi yake ya kwanza. Ukizima sauti kabisa, mtazamaji bado awatambue hata kwa mgongo.

Mtambulishe kila mmoja kwa sekunde 20 hadi 40, na umwonyeshe akiifanya kazi yake vizuri mara moja kabla hajaanza kuikosea. Hapa ndipo skripti nyingi zinapoteleza: muuaji anaingia akiwa tayari mjinga, basi akianguka hakuna anayeshangaa. Bi Mkubwa aonekane kwanza akipima matone yake kwa utulivu wa mtu aliyezoea wodi. Baadaye vikombe vikibadilishana, mtazamaji atashika kichwa.

Utani wenyewe utoke kwenye adabu zetu. Watu waliokuja kuuana bado ni watu wa Dar, na mdogo hampiti mkubwa bila kumwamkia. Hii hapa sini moja, ngazini, ghorofa ya pili. Kijana anapanda na sinia, chini ya kitambaa kuna bastola. Bi Mkubwa anashuka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Mbona jasho hivyo? Umekula?

— Nimekula, mama.

— Uongo. Kazi kama hii haifanywi na tumbo tupu. Shika chai.

— Mama, na wewe umekuja kwa yule wa kumi na nne?

— Mimi nimemjia yeyote atakayekunywa.

— Basi naomba nipite, mama.

— Pita. Ila ukifyatua, fyatua mara moja tu. Vyumba vya chini kuna watoto wamelala.

Hakuna neno la kuchekesha hata moja hapo. Kinachochekesha ni kwamba hakuna anayeiacha heshima. Kwa hiyo waigizaji waelekezwe waicheze kwa uzito wote: Bi Mkubwa kweli anasikitika kwamba kijana hajala, na kijana kweli anaona haya kuikataa chai ya mtu mzima. Mwigizaji akitoa macho, akivuta mdomo, au akitulia akingoja watu wacheke, sini imekufa. Waliozoea vichekesho vya jukwaani huwa na tabia hiyo, na dawa yake ni kurudia mara tatu kwa sauti ya chini zaidi kila mara. Utani wa makabila, vilema na maumbo ya watu uache. Ni wa kivivu, na unaivunja hadithi kwa sababu hautokani na chochote kinachotokea ndani ya jengo.

Halafu kifo kimoja kimuumize mtazamaji. Kimoja tu, cha mtu tuliyemzoea tangu dakika ya tatu, labda dada wa mapokezi ambaye usiku kucha amekuwa akitafuta chenji ya elfu kumi. Kabla yake watu wanacheka, baada yake wanacheka kwa woga, na woga huo ndio unaoibeba robo ya mwisho ya filamu.

Makaratasi

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kushuti, na filamu ikikamilika irudishwe Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri kabla haijaonyeshwa hadharani. Bodi inasoma skripti, na skripti ya mauaji itasomwa kwa makini. Usifiche kitu. Kwenye sini zenye damu eleza kwa mstari mmoja damu itaonekana vipi na silaha ni za plastiki. Ni rahisi kujadili ukurasa kuliko kukata filamu iliyokwisha.

Baada ya Bodi, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha eneo hilo, uwaachie nakala ya kibali, ratiba, na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu. Ukiwa na sini ya nje, hata ya mtu kukimbia tu, pita nyumba za jirani siku moja kabla. Mtu anayekimbizwa usiku huku wenzake wakipiga kelele anaweza kuitiwa mwizi, na umati wa Dar ukishakusanyika hausubiri maelezo. Weka watu wawili wenye vizibao vya kung'aa kila upande wa barabara, na bango lenye maandishi makubwa: TUNASHUTI FILAMU.

Sare za polisi usishone wala usiazime kwa rafiki. Ukizihitaji, maombi yaende Jeshi la Polisi lenyewe. Nguo zinazofanana na kombati za jeshi ni marufuku kwa raia, hata za mtumba. Mlinzi wa kampuni ya kubuni, mwenye shati la bluu na kirungu, atakutimizia karibu kila kitu. Droni inataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na Wizara ya Ulinzi, na kwa filamu ya koridoni faida yake ni ndogo mno ukilinganisha na usumbufu. Feri ya Magogoni inavutia sana kwenye picha, lakini iko jirani na Ikulu na bandari; usiinue kamera pale bila ruhusa ya maandishi mkononi.

Bastola

Silaha halisi isikanyage seti, wala risasi baridi, wala bastola ya "rafiki ambaye ni askari". Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum wa Marekani alikufa baada ya kujifyatulia risasi baridi kichwani kwa mzaha: risasi baridi haina kichwa cha chuma, lakini msukumo wa gesi kwa karibu unavunja mfupa. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa na kipande cha risasi kilichokuwa kimebaki kwenye mtutu bila mtu kukagua, kikasukumwa na risasi baridi. Mwaka 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi halisi iliyokuwa kwenye bastola ambayo kila mtu aliamini ni salama. Seti zote tatu zilikuwa na fedha na wataalamu.

Nunua bastola za plastiki Kariakoo. Zikwangue kwa msasa laini, zipulize rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili, ziache zikauke usiku mzima (unyevu wa hapa unachelewesha), kisha sugua kingo kwa penseli laini ya 6B. Ule unga wa penseli kwenye kingo ndio unaoleta sura ya chuma kilichochakaa. Tatizo kubwa ni uzito. Bastola halisi yenye risasi inakaribia kilo moja, ya plastiki ina gramu mia au mia mbili, na mkono wa mwigizaji unaisema siri hiyo kwenye kila shoti. Ifungue, jaza kishikio chubwi za kuvulia samaki, gramu 300 hadi 400, zishike kwa gundi. Bunduki ndefu mpe seremala, Keko kwa mfano, aichonge kwa mbao nyepesi. Mninga utamchosha mwigizaji kabla ya chakula cha mchana.

Mtu mmoja awe mtunza silaha, na asiwe na kazi nyingine. Anazihesabu asubuhi, anazigawa shoti inapoanza, anazikusanya ikikatwa, na zinasafirishwa ndani ya begi lililofungwa. Hata zikiwa za plastiki zisielekezwe usoni mwa mtu: mpigaji alenge kiasi cha hatua moja pembeni ya mwenzake, kamera ikae upande unaoficha pengo hilo. Mwali wa mtutu utaongezwa kwenye uhariri. Kwenye seti, mwigizaji arushe kiganja juu sentimita chache na akaze bega kila anapofyatua, bila kufumba macho.

Damu

Kwa nusu lita: sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, chemsha dakika tano kwa moto wa wastani mpaka yawe shira nyepesi. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi vijiko vinne, mimina humo, endelea kukoroga dakika mbili, epua. Ongeza rangi nyekundu ya chakula ya unga, kijiko kimoja cha chai kilichoyeyushwa, kakao vijiko viwili vya chai, na tone moja au mawili ya rangi ya bluu. Kakao ndiyo siri, kwa kuwa inaondoa ule uangavu unaoifanya damu ionekane kama juisi. Iache ipoe kabisa kabla ya kupima uzito wake, maana ikiwa ya moto hudanganya kuwa nyepesi.

Ijaribu kwenye kitambaa cheupe, chini ya taa utakazotumia, ukitazama kupitia kamera. Chini ya taa za njano huelekea rangi ya chungwa, ongeza tone la bluu. Chini ya tyubu nyeupe huelekea pinki, ongeza kakao. Juisi ya rozela isitumike: ni nyembamba, na ikigusana na sabuni hubadilika zambarau au bluu.

Tengeneza aina mbili na uziandike chupa. Ya mdomoni ina viungo hivyo tu. Ya nguo iongezwe kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji ya vyombo, ili shati lifulike. Kwa jeraha moja la risasi mililita 60 hadi 100 zinatosha. Kwa filamu nzima pika lita nne, kwa sababu kila shoti itarudiwa. Nje ya friji, kwa joto la Dar, huweza kuchacha baada ya siku chache. Sisimizi, nzi na nyuki watakuja, kwa hiyo sini za damu za uani ziende usiku, na "maiti" wasilazwe chini mpaka kamera iwe tayari.

Ili damu itoke wakati wa risasi, nunua kwenye duka la dawa bomba la mililita 60 lisilo na sindano na mpira wa dripu wa mita moja na nusu. Mpira upite chini ya nguo, mdomo wake ushikwe kwa plasta mahali pa jeraha. Msaidizi nje ya fremu asukume kwa mshtuko, si polepole. Damu ikigoma kupita, ongeza maji ya uvuguvugu, sehemu moja kwa nne za damu. Shati lichanwe kwanza kwa wembe, alama ya msalaba ya sentimita mbili, lisuguliwe msasa kwa ndani mpaka nyuzi zilegee. Ukitaka tundu litokee mbele ya macho, funika mchano kwa kiraka kidogo cha kitambaa hichohicho kilichofungwa mshipi mwembamba wa samaki, msaidizi auvute bomba linaposukumwa. Baruti za kupasua nguo, zile ndogo zinazotumiwa na kampuni kubwa, si za kujifundishia.

Kila mwigizaji anayepigwa risasi anahitaji mashati manne yanayofanana. Mtumba hauwezi kukupa hilo, kila shati liko peke yake. Nunua mashati meupe ya shule. Nyeupe na kaki zinaonyesha damu vizuri. Kwenye nyeusi haionekani kabisa, na watu wengi huwavalisha wauaji nyeusi bila kufikiria.

Kwa kuwa hutashuti kwa mfuatano wa hadithi, tengeneza ngazi za damu kwa kila mhusika, kuanzia 0 mpaka 4, na picha ya simu kwa kila ngazi. Kwenye ratiba iandikwe: sini ya 17, Kijana, ngazi ya 2. Bila hivyo mtu ataingia chumbani akiwa ameloa na kutokea mlango wa pili akiwa mkavu. Sini za damu nyingi ziwe za mwisho wa siku. Tandaza nailoni sakafuni nje ya fremu, na mwenye gesti ajue mapema kwamba ukuta wa rangi ya maji ukinyonya damu hii hausafishiki, unapakwa upya. Tenga hela ya ndoo moja ya rangi tangu mwanzo.

Ngumi, maanguko na chupa

Kila pambano lifundishwe kwa mwendo wa nusu, siku mbili kabla, mahali penyewe. Ngumi ipite umbali wa kiganja kutoka usoni, na kamera ikae nyuma ya bega la mpigaji au mpigwaji ili pengo lisionekane. Anayeuza ngumi ni anayepigwa: kichwa kigeuke upande ngumi inakoelekea. Magodoro ya inchi sita mawili yapangwe chini kwa anguko la kutoka wima. Kuanguka kutoka juu zaidi ya kiuno au kubiringika ngazi usijaribu bila mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Onyesha mwanzo wa anguko, kata, sauti, kisha mwili chini.

Chupa za sukari za kuvunjia kichwani hazifai hapa. Shira yake inataka kufika nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na hata ukiipatia, unyevu wa Dar unaifanya inate ndani ya saa chache. Kata kabla chupa haijagusa.

Kamera na taa

Shuti fremu 25 (yaani picha mojamoja) kwa sekunde, na shata, ule muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukiweka fremu 30 na shata 1/60 tyubu na balbu nyingi zitapepesa kwenye picha, kasoro ambayo ni vigumu kuifuta baadaye. Simu nzuri inatosha mradi programu yake ikuruhusu kufunga shata, mwanga na rangi.

Taa ndizo zitakazomwambia mtazamaji yuko wapi. Chini weka tyubu nyeupe, ghorofa ya kwanza balbu za njano, ya pili taa za kijani hafifu, paani buluu ya usiku. Baada ya dakika tano hakuna atakayeuliza mtu yuko ghorofa gani, hata kwenye shoti ya sekunde moja. Namba za vyumba ziandikwe kubwa, kwenye mlango na kwenye kibao cha funguo. Kila sini ya zaidi ya watu watatu ianze na shoti pana inayowaonyesha wote, kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha. Ukiuvuka, wanaotazamana wataonekana wanatazama upande mmoja.

Za nje zipange jioni. Jua la Dar huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 12:45 mwaka mzima, na mwanga wa buluu baada yake haufiki nusu saa. Fanya mazoezi kabla, usiyafanye ndani ya muda huo. Machi hadi Mei ni masika, usitegemee uani.

Sauti

Hapa ndipo filamu nyingi za Bongo zinapopoteza heshima yake. Zima pangaboi, kiyoyozi na friji kabla ya kila shoti, na weka funguo za gari ndani ya friji ili usisahau kuiwasha unapoondoka. Ratiba ifuate adhana na ibada za jirani. Kunguru huanza alfajiri na hawanyamazi, kwa hiyo mazungumzo ya kunong'ona yapigwe usiku, bodaboda zikipungua. Maiki ya kifuani huharibiwa na jasho. Ishikize kwa plasta ya nguo juu ya fulana, isiguse ngozi. Kila chumba rekodi sekunde 30 za ukimya wake. Utauhitaji kuziba mapengo.

Ngumi na mifupa rekodi baadaye: kabichi linalopigwa kwa kiganja, karoti zilizofungwa kitambaa cha maji zikivunjwa. Mlio wa risasi koridoni uwe na mwangwi mfupi mkali, wa paani uwe mkavu. Tofauti hiyo pia inamkumbusha mtazamaji mahali.

Uhariri

Mwali wa mtutu ni fremu moja tu, na kwenye fremu hiyohiyo angaza uso wa mpigaji. Ukiuacha fremu tatu unakuwa tochi. Baada ya risasi usikimbilie uso wa anayeshangaa: subiri fremu 12 hadi 18 kwenye picha tupu, mlango au kikombe, ndipo ukate. Kichekesho kinakaa kwenye nafasi hiyo.

Singeli inafaa pambano la ngazini, lakini ina mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Ukikata kwa kila pigo, kwa mapigo 200 unakata kila fremu saba na nusu na hakuna atakayeona kitu. Kata kila mapigo manane: sekunde 2.4, fremu 60 kamili. Mwombe prodyuza akutengenezee biti mpya mkaandikiane mkataba. Wimbo wa mtu bila idhini unalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999, na utakuzuilia filamu hata mtandaoni.

Ijaribu kabla ya kuifunga

Kodi kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video, kwa saa moja mchana, waingie watu 20 wasiokujua. Usitazame filamu, watazame wao, ukiwa na saa na daftari. Wakianza kuelezana nani ni nani, andika dakika. Wakicheka juu ya mazungumzo mpaka mstari unaofuata usisikike, andika pia, uongeze sekunde moja hapo.

Walipopotea, usiongeze mazungumzo ya kueleza. Kwanza rudisha shoti ya namba ya mlango au ya taa ya ghorofa. Isipotosha, simamisha picha mhusika anapoingia mara ya kwanza na uandike jina lake kubwa kwa sekunde mbili. Ikishindikana kabisa, huyo muuaji ana sura au nguo inayofanana na mwenzake, na itabidi urudi gestini nusu siku kushuti upya kuingia kwake akiwa na rangi nyingine. Acha hela ya nusu siku hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.